Kufua asubuhi, Southend alasiri

Watu wengi wa kwetu wanaoishi London wakienda Southend, mji wa pwani, mara ya kwanza hurudi wamenuna. Wamefika saa nane mchana, jua linawaka, watoto wamevaa nguo za kuogelea tangu ndani ya treni, na mbele yao bahari hakuna. Kuna tope la kijivu linalong'aa mpaka upeo wa macho, mashua zimelala ubavu, na shakwe wanatembea kwa miguu pale watu walipotarajia kupiga mbizi. Basi wanakula chipsi, wanapiga picha mbili tatu, wanarudi wakitangaza kwamba Waingereza hawana bahari. Wanayo. Ilikuwa imekupwa, na hakuna aliyeuliza habari za maji kabla ya kukata tiketi.

Mie wa Tanga. Kwetu hakuna anayeteremka pwani, awe mvuvi, mwokota kombe au mtoto wa kuogelea Raskazone, bila kujua maji yako wapi. Lakini mtu huyohuyo akishahamia hapa huangalia mvua tu kwenye simu, akaona jua, akabeba taulo. Maelekezo haya ni ya yule anayefanya kazi wiki nzima, ambaye Jumamosi yake ina nguo za kufua, mashuka ya kubadilisha na sinki la vyombo, na bado anataka kutia miguu kwenye maji ya chumvi kabla jua halijazama. Inawezekana, ila uanze na maji, kazi za nyumbani zifuate.

Naishi Barking, mashariki ya London, kwa hiyo nazungumzia Southend. Saa zote humu ni zetu za Kiswahili. Nikisema saa nane mchana, ratiba ya treni itaandika 14:00.

Jumamosi ipi?

Southend iko kwenye mdomo wa mto Thames. Maji yake hujaa na kupwa mara mbili kwa siku kama ya kwetu, na kila siku huchelewa kama dakika hamsini kuliko jana yake. Kinachowashangaza watu ni ufuo. Ni tambarare kama sinia, hivyo maji yakishuka kidogo tu kwenda chini, huwa yameondoka mbali sana kwenda mbele, zaidi ya kilomita moja.

Ukitaka ushahidi, angalia gati lao. Zamani abiria walikuja kwa meli kutoka London, na maji yakiwa yamekupwa meli hazikuweza kabisa kusogea ufukweni. Wakajenga gati la mbao, likafunguliwa mwaka 1830, halafu wakawa wanalirefusha na kulirefusha kuyafuata maji. La chuma, ambalo ndilo hili la sasa, lilifunguliwa mwaka 1889. Lina urefu wa kilomita 2.14, na hakuna gati la starehe refu kuliko hilo duniani. Hawakulijenga refu kwa majivuno. Walikuwa wanaitafuta bahari.

Sasa, bamvua la Southend, yaani maji makubwa ya siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hujaa kati ya saa saba na saa tisa mchana wakati wa kiangazi cha huku. Usiingie na hesabu ya nyumbani: Tanga bamvua hujaa kwenye saa kumi hivi za alasiri. Jumamosi ya bamvua huku haimfai mtu mwenye nguo za kufua. Maji mazuri yatakuja akiwa bado anaanika, na akifika yeye, maji nayo yanaaga.

Jumamosi inayomfaa mwenye kazi za nyumbani ni ile ambayo mwezi wetu wa Kiislamu uko tano au sita, au kumi na tisa au ishirini. Hapo maji hujaa jioni, kati ya saa kumi na moja na saa moja. Unafua asubuhi, unaondoka mchana, unafika maji yakiwa mbali lakini yanarudi, na kwa saa tatu nne zinazofuata unayaona yakija kukufuata mkekani. Tena yanakuwa yanaelekea maji mafu, yaani madogo, hayana pupa kama ya bamvua.

Huo ni mwongozo wa kukufanya utie alama kwenye kalenda ya ukutani. Wiki yenyewe ikifika, thibitisha kwenye jedwali la maji. Idara ya Serikali ya ramani za bahari ina huduma ya bure mtandaoni inayoitwa EasyTide. Andika Southend, utaona saa na kimo cha maji cha siku kadhaa mbele. Chunga kitu kimoja: majedwali mengine, hasa yale ya vitabu vidogo vya wavuvi, huandikwa kwa saa za GMT, yaani saa za huku za majira ya baridi, mwaka mzima. Kuanzia mwisho wa Machi mpaka mwisho wa Oktoba ongeza saa moja, la sivyo utakuwa unangoja maji yaliyokwisha kuahirishwa.

Na jua je? Juni huzama saa tatu na robo usiku, jambo ambalo kwa mtu wa kwetu ni la kuchekesha. Mwisho wa Agosti huzama kabla ya saa mbili. Baada ya katikati ya Septemba jioni inakuwa fupi na upepo unakuwa na meno, kwa hiyo safari za namna hii mie nazifanya kuanzia mwisho wa Mei mpaka hapo.

Kazi zinaanza Ijumaa

Kinachowazuia watu kutoka Jumamosi ni nguo mbichi. Kufagia kunaisha, vyombo vinaisha, lakini nguo za huku hazina jua wala kamba. Wengi wetu tuko kwenye fleti, tunaanika ndani kwenye kiango cha kukunja, na ukifunga madirisha siku nzima ukaondoka, ukirudi kioo kinatoka jasho na pembeni mwa ukuta ukungu mweusi umeanza kuchungulia.

Kwa hiyo gawa nguo. Ijumaa ukitoka kazini, kabla hujavua hata soksi, ingiza sare za shule na taulo, maana hivyo ndivyo vizito. Zizungushwe kwa kasi ya juu kabisa ambayo mashine yako inaruhusu, zianikwe usiku huohuo mbali na ukuta, dirisha likiwa wazi kidole kimoja. Jumamosi asubuhi zitakuwa zimeshapunguza maji, na mashuka ndiyo pekee yatakayobaki.

Mashuka yana ujanja wake. Mfuko wa duveti ukiingia na nguo nyingine hufunua mdomo na kumeza kila kilicho kidogo: soksi, vitambaa, chupi za watoto. Unatoa kitu kimoja kizito kama mtu aliyezama, nje kimekauka nusu, na ndani kwenye pembe kuna donge la soksi zinazochuruzika maji. Fua mfuko wa duveti peke yake na foronya zake, vifungo vikiwa vimefungwa. Ukiutoa, shika pembe mbili za chini, ugeuze ndani nje, uukung'ute. Ukiutundika juu ya mlango kwa upana wake, mpaka usiku umekauka.

Utaratibu wangu wa Jumamosi ni huu. Kinachojiendesha chenyewe kinaanza: mashine inawashwa saa moja asubuhi, maharage yaliyolowekwa tangu jana yanabandikwa moto mdogo. Hivyo viwili vinafanya kazi wakati mie nakunywa chai. Halafu ndiyo mikono inaingia: choo na bafu, jiko, mwisho kupitisha mashine ya vumbi. Hiyo ya vumbi iache mpaka saa tatu, jirani wa chini naye ni mtu. Baba watoto anashuka na taka, na hapa usimwachie nafasi ya kusema atazishusha mkirudi. Magamba ya samaki na maganda ya ndizi vikishinda jikoni siku ya joto, utavisikia kutoka kwenye ngazi.

Watoto wanakunja soksi. Ndiyo nauli yao.

"Mama, twende basi."

"Soksi zimeisha?"

"Imebaki moja haina mwenzake."

"Mwenzake yuko kwenye duveti. Lete viatu."

Saa sita ikifika, fagio chini, hata kama pembe ya jikoni haijaguswa. Vitu vinavyoruhusiwa kubaki ni pasi, madirisha na kabati lile ambalo kila mtu analo na hataki wageni walifungue. Visivyoruhusiwa ni vyombo kwenye sinki, nguo zilizofuliwa zikaachwa ndani ya mashine, na mashine yenyewe kuachwa ikizunguka nyumba ikiwa tupu. Zimamoto wa hapa husisitiza sana hilo la mwisho, maana mashine za kufulia na za kukaushia huwa zinashika moto.

Kabla ya kufunga mlango, mpangie mambo mtu yule atakayerudi usiku akiwa amechoka na ana mchanga mpaka masikioni. Tandika gazeti au taulo kuukuu mlangoni kwa ndani. Weka ndoo bafuni. Maharage yakishapoa yaingie kwenye friji, wali upikwe mapema nao upozwe na kuwekwa humo. Ukirudi, kupasha moto tu.

Kubeba

Usibebe nyumba nzima. Mkeka wa plastiki, taulo moja kwa kila mtu, chupa mbili kubwa za maji ya bomba za kuoshea miguu, mifuko ya nguo mbichi, na koti la kila mtu hata kama Barking watu wanatembea vifua wazi. Upepo wa pale hautoi taarifa.

Miguuni, viatu vya plastiki au raba kuukuu za kuingia navyo majini. Chini kuna magamba makali ya chaza na kombe yaliyofichwa na tope, na ndara inazama mara moja ikabaki huko.

Kanga mbili. Hiki kitu wenyeji hawana, ndiyo maana utawaona wanahangaika na taulo, wanaruka kwa mguu mmoja huku wanashikilia mbele na nyuma. Jifunge ya kwanza kifuani, vua za ndani zote chini yake, jipanguse, vaa kavu, ifungue. Ya pili ni ya kumkinga mtoto upepo. Wapo wanawake wa pale walioniuliza nimenunua wapi.

Chakula: kachori, mayai ya kuchemsha, mkate wa kumimina wa jana, chai ya maziwa kwenye chupa yake. Na pilipili ya kusaga kwenye kijichupa, kwa sababu nitakazoeleza.

Adhuhuri swali nyumbani. Alasiri itawakuta huko, na mkeka mnao.

Treni, na upande wa kukaa

Ziko njia mbili za reli na stesheni mbili kubwa. Inayotoka Fenchurch Street kupitia Limehouse, West Ham na Barking inafika Southend Central. Inayotoka Liverpool Street kupitia Stratford inafika Southend Victoria. Soma tiketi yako ni ya njia ipi. Kwa safari hii chukua ya Fenchurch Street, kwa sababu ndiyo inayotambaa kandokando ya maji. Kutoka Barking mpaka Chalkwell, stesheni ya ufukweni kabla ya Southend Central, ni kama dakika arobaini ukipata ile inayopita Upminster na Basildon. Ile inayozunguka Tilbury iache, labda kama umeikosa nyingine.

Oyster, ile kadi ya nauli ya London, haifiki Southend; kwenye njia hii mwisho wake ni Upminster. Kata tiketi ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Kama mnatoka mara kwa mara, mmoja wenu awe na kadi ya punguzo inayoitwa Network Railcard. Mwenye kadi na watu wazima wengine watatu wanapunguziwa theluthi moja, na watoto wanne wa miaka 5 hadi 15 wanapunguziwa asilimia 60. Wikiendi haina kiwango cha chini cha nauli. Walio chini ya miaka mitano hawalipi.

Ijumaa usiku angalia kama reli haifanyiwi matengenezo. Wikiendi ndiyo wanapenda kuifunga, wakakupandisha basi, na basi la kuzunguka Basildon na watoto ni adhabu.

Wifi yangu mkubwa anakaa Canning Town. Hatukutani stesheni, tunakutana ndani.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba. Maji saa ngapi leo?"

"Kumi na mbili kasorobo."

"Haya. Mie napandia West Ham, behewa la mbele. Mniletee na kachori."

Kaeni mkono wa kulia mkitazama mbele. Mpaka Benfleet hakuna cha maana, magari na mabohari. Ikishatoka Benfleet, kulia kunafunguka vijito na nyasi za chumvi, ng'ambo yake kisiwa cha Canvey. Kushoto juu ya kilima kuna magofu ya ngome ya Hadleigh, minara iliyovunjika. John Constable aliichora na kuionyesha picha hiyo mwaka 1829. Halafu Leigh, mashua nyingi, na baada ya hapo reli na bahari vinaachana kwa ukuta tu. Mie naangalia hapo kama jedwali limesema kweli.

Ushuke wapi

Wengi wanapitiliza mpaka Southend Central kwa sababu ndilo jina waliloandikiwa. Kuna barabara ya maduka, unateremka kama dakika kumi, unakutana na gati, na chini yake Adventure Island, uwanja wa mabembea na magari ya kuzunguka. Kuingia ni bure, kupanda ndiyo unalipia, na hapo ndipo pesa ya mwezi inapoteketea huku mtoto anacheka. Ukitaka amani shuka kabla.

Mwenye njaa ashuke Leigh-on-Sea. Mwenye uchovu ashuke Chalkwell, maana unatoka stesheni na ufukwe uko hapo hapo. Sie kwa kawaida tunashukia Leigh saa nane hivi, maji yakiwa bado mbali, tunakula, halafu tunatembea juu ya ukuta wa bahari mpaka Chalkwell. Ni mwendo wa nusu saa, saa nzima ukiwa na watoto wanaookota kila jiwe.

Leigh ya zamani ni kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya reli na maji. Sifa yake ni kombe. Kule kwetu kuokota kombe ni kazi ya wanawake, maji yakipwa sana, mtu ameinama na kikapu. Huku zamani walikuwa wakifukua kwa reki na mikono, siku hizi ni boti zenye mabomba ya kufyonza kutoka chini, halafu zinachemshwa na kuuzwa kwenye mabanda palepale. Unapewa kikombe kidogo cha nyama za rangi ya chungwa hafifu, kijiti cha kuchomea, na kwenye meza kuna siki na pilipili manga. Kwanza onja kavukavu uijue chumvi yake. Halafu siki, kidogo. Halafu kijichupa chako. Ni ngumu kidogo kutafuna kwa katikati, na ukisaga mchanga jinoni usishtuke.

Samaki na chipsi ni kwingi. Kwa anayechunga halali, kuna maswali mawili ya kumuuliza muuzaji: anakaangia mafuta gani, maana wapo wanaotumia mafuta ya ng'ombe, na kama ule uji wa unga unaomvika samaki umetiwa bia. Hawakasiriki, huulizwa kila siku. Na mkila, kaeni migongo ikiwa ukutani. Shakwe wa pale anakuja kwa nyuma, na anachukua samaki mzima.

Pale Chalkwell, kwenye tope, utaona nguzo ya jiwe imesimama peke yake. Inaitwa Crow Stone. Iliwekwa mwaka 1837, na ndiyo ilikuwa ikionyesha mwisho wa mamlaka ya Jiji la London juu ya mto. Ukipiga mstari kutoka hapo mpaka jiwe jingine ng'ambo, ndani ni Thames, nje ni bahari. Ng'ambo hiyo, watoto watauliza kama ni Ufaransa. Ni Kent.

Tope si mchezo

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu watu wa pwani ndio wanaojiamini kupita kiasi. Tumezoea kutembea mpaka kwenye mwamba maji yakipwa, tukarudi nayo taratibu. Southend ufuo hauna mteremko, kwa hiyo maji hayaji na wimbi la kukuonya. Yanajaza kwanza vijito vilivyo nyuma yako, wewe ukiwa bado umesimama pakavu.

Ukifika maji yakiwa yanarudi, usiende mbali hata kama panaonekana kama uwanja wa mpira. Chezeni karibu na ukuta, watoto wachimbe, watafute kaa. Mtu akinasa, asivute mguu mmoja kwa nguvu, atakuwa anausukuma mwingine chini. Akae au alale chali ili uzito utandazwe, atikise miguu polepole mpaka ilegee. Hatoki? Piga 999, uwatake Coastguard, yaani walinzi wa pwani. Waokoaji wa Southend wana chombo kinachoelea juu ya upepo wake chenyewe, kinachopita juu ya tope na maji vilevile. Kiko pale kwa sababu wanaonasa ni wengi.

Kama mna watoto ambao hawawezi kungoja maji, karibu na gati upande wa magharibi kuna Three Shells, ufukwe wenye bwawa la maji ya bahari lililozungushiwa ukingo, maji hubaki humo hata bahari ikiwa imekwenda zake.

Kuogelea kwenyewe ni saa ya mwisho kabla ya kujaa na ile inayofuata. Hata Agosti maji hufika kama digrii 18 mpaka 20, kwa mtoto wa Bahari ya Hindi ni maji ya friji. Usiruke. Ingia mpaka magotini, jimwagie kifuani na shingoni, pumua, ndiyo uchuchumae. Baada ya dakika mbili tatu ngozi inazoea. Baada ya robo saa toka, hata kama unajisikia vizuri, na chai iwe karibu. Rangi ya maji ni ya chai ya maziwa pia, ni udongo wa mto. Ukitaka maji ya kuona vidole vyako umekuja nchi sio.

Gati, kama miguu inaruhusu

Unalipa kuingia, uende kwa miguu au kwa kitreni chao. Ushauri wangu: nenda kwa kitreni, rudi kwa miguu, ili upepo usikuumize wakati wa kwenda na watoto wachoke kuelekea nyumbani. Sema ukweli, katikati ya gati hakuna kitu, ni mbao na maji. Mwisho wake ndiyo kwenye raha, umesimama katikati ya mdomo wa mto, meli za makontena zinapita kwenda bandari ya London Gateway.

Siku isiyo na ukungu angalia kusini mashariki, karibu na Sheerness, utaona milingoti imetoka majini imesimama. Ni ya meli ya Kimarekani SS Richard Montgomery, iliyokwama na kuzama Agosti 1944 ikiwa na mabomu. Tani kama 1,400 za baruti bado zimo, na eneo lake limezungushiwa maboya. Wifi yangu tangu aambiwe hilo hafiki mwisho wa gati. Anatungojea kwenye mkeka na kachori.

Kurudi

Ondokeni jua likiwa bado lipo, hasa kwa sababu ya treni. Jioni nzuri ya Jumamosi watu wote hufikiri pamoja kwamba sasa basi, na Southend Central inajaa. Mkipandia Chalkwell mtakuta viti vimekwisha, kwa hiyo kama mmeishia upande wa gati pandieni Central. Miguu ioshwe na zile chupa mbili kabla ya kuvaa viatu vikavu, mbali na mkeka. Tope la pale likikauka kwenye kiti cha treni hutoa vumbi la kijivu na harufu ya kijani.

Mkishaingia ndani, vua kila kitu kwenye lile gazeti mlangoni, watoto moja kwa moja bafuni. Taulo na nguo za kuogelea zisiingie kwenye mashine usiku huo. Zikung'ute balkoni au dirishani upande usio na jirani, zisuuze kwenye ndoo mpaka maji yaache kuweka mchanga chini, ndipo zingoje zamu yao Jumapili. Mchanga ukiingia kwenye mashine hushuka kwenye pampu. Kama umechelewa na zimeshaingia, kile kifuniko kidogo chini kushoto au kulia kwa mbele ndiyo chujio: zima umeme, weka sinia na kitambaa chini yake, kifungue taratibu kwa sababu maji yatatoka, na utakachokikuta humo, mbali na mchanga, ni ile soksi.